Herufi Moja

Miaka kumi na tisa Ivy Pottle
aliijua dawa kabla ya simu.
Mgonjwa yuko mlangoni, buti zinadondosha theluji,
yeye ameshanusa, ameshagusa paji la uso,
na jibu limemkaa ulimini kama pipi.
Lakini kalamu haikuwa yake.
Akapiga simu kwa daktari,
saa moja na nusu kwa ndege, ikiwa ndege zinaruka.
Muziki wa kusubiri ukamchezea sikioni,
mgonjwa akahesabu mbao za dari,
Labrador yote ikaganda dirishani
mpaka sauti iseme: "Eeh, hiyo hiyo. Mpe."

Hiyo hiyo!
Neno lake mwenyewe limemrudia
likiwa limevaa koti jeupe.

Tangazo la mafunzo lilipokuja
mumewe, Garfield, akauliza, Mshahara unapanda?
Kidogo.
Na lawama?
Ivy akaendelea kukausha sahani.

Baridi nzima alisoma jikoni baada ya zamu.
Ini. Figo. Dawa inaingiaje, inatokaje,
inakutana na nani njiani.
Hilo la njiani lilimnyima usingizi:
kidonge cha moyo na kidonge cha kuvu,
havisalimiani,
vimekutana ndani ya mzee mmoja.

Mkufunzi wa kwenye skrini, Bwana Anstey,
mtu wa mafua yasiyokwisha,
hakuwahi kuuliza, "Utampa nini?"
Aliuliza, "Kwa nini usimpe?"
Mara ya kwanza Ivy alinyamaza
hadi wakadhani mtandao umekatika.

Swali la kumi na nne alilikosea.
Uzito wa mtoto, nukta imehama nafasi moja,
dozi imekuwa mara kumi.
Mtoto wa karatasini hana jina.
Akampa. Akampa la mjukuu wake, Shaelyn.
Hakukosea tena.

Kibali kilifika Machi, pamoja na tufani.
Usiku ule ule, juu ya pikipiki ya theluji,
kijana akamleta bibi yake, Rhoda Tuglavina,
miaka themanini na miwili, homa,
na mkojo unaochoma kama pilipili.

Mkono wa Ivy ukaenda kwenye simu.
Mazoea yana taabu.
Ukarudi.

Mkojo kwanza, ndipo kidonge.
Akaagiza damu ipimwe, mkojo uoteshwe,
akafukua majibu ya figo ya Desemba,
akayasoma mara mbili kwa kidole,
kisha akaikataa dawa aliyozoea kupewa bibi huyu,
ile ile, hiyo hiyo,
akaandika nyingine:
siku saba, kutwa mara mbili.
Na chini, mahali palipokuwa pa mtu mwingine siku zote,
I. Pottle.
Wino ulikuwa wa kalamu ile ile
anayoandikia joto la mwili.

Kwa lugha ninayoandikia mimi,
kati ya kuugua na kuuguza
pana herufi moja tu,
nayo imejikunja
kama mtu kitandani mwenye tumbo.

Saa kumi alfajiri akavaa buti.
Garfield hakuuliza kitu.
Uwanja ulikuwa hatua hamsini, upepo ukazifanya mia.
Bibi Rhoda alikuwa macho, taa imezimwa,
kana kwamba ana miadi.
Thelathini na nane nukta moja.
Imeshuka. Si sana.

"Umelala?"
Aliyeuliza alikuwa mgonjwa.

"Bado."

"Zamani ukitupa dawa," bibi akasema, "ulikuwa unalala."

Akajisogeza ukutani taratibu,
akaikunja blanketi upande,
akampa muuguzi nafasi ya kukaa.